Kipimo

Umeniuliza kipimo, Koku,
saa nne za usiku, simu inakatakata:
unga wa mlenda vijiko vingapi
kwa sufuria ya watu watano?
Nimecheka, kisha nikanyamaza.
Mama alipima kwa kiganja,
na kiganja tulikizika Mvumi mwaka juzi,
mwezi wa saba, upepo ukitujaza vumbi mdomoni.

Lakini ngoja, nijaribu.

Maji kwanza. Usitie chumvi.
Mama hakutia, maana bomba la Dodoma
lilikuwa limeshatia kabla yake.
Nilipohamia Njombe nilipika miaka miwili
chakula cha mgonjwa
ndipo nikaelewa kwamba nusu ya upishi wake
ilitoka ardhini, haikuombwa.

Magadi, ncha ya kisu.
Yakichemka, nyunyiza unga kama anayewaita kuku,
mkono wa pili upekeche.
Usigeuke kumtazama mtu yeyote.
Mlenda unajua ukigeuka.

Karanga zilizosagwa. Nyanya moja iliyochoka.
Kisha dagaa.
Ndiyo, dagaa, wale wa Mwanza,
wakaangwe, watwangwe mpaka wasahau ziwa
(kwa kinu cha mama Saidati, yule Mrangi wa nyumba ya pili,
aliyekuwa akikirudishiwa kinanuka samaki
na siku ya pili anakuazima tena).

Bibi Sechelela alionja mara moja tu.
Akafuta vidole kwenye kanga,
akasema kwa Kigogo maneno mawili.
Mama hakututafsiria.
Miaka mingi baadaye niliyadaka sokoni Majengo,
muuza ubuyu akimrudishia mtu noti mbovu:
si yetu.

Na zile ndizi za baba, unazikumbuka?
Mkungu ukipanda meli Bukoba ungali wa kijani,
ukilala Mwanza, ukilala Tabora,
ukishuka kwetu stesheni una madoa kama chui.
Baba akiuzunguka kama mtu anayetambua maiti.
Mama akauchukua, akaumenya, akaupika hivyo hivyo
kwa karanga za Mpwapwa, tamu kwa tamu,
na baba akala huku ameinamisha kichwa.
Sisi tulilamba sufuria.

Kwa hiyo nilipofika Kanyigo, umri miaka kumi na miwili,
Bibi Kokushubila akafunua majani,
mvuke ukapanda hadi kwenye kenchi,
ndizi zenyewe, zilizoivishwa na moto, si na safari,
nikatia tonge mdomoni, nikalia.
Walidhani nimeungua.
Hazikuwa na karanga. Hazikuwa na sukari.
Hazikuwa na siku nne za behewa ndani yake.

Unakumbuka Mwalimu Lechipya,
"kesho kila mmoja alete chakula cha kwao"?
Wewe una jina la kwao baba,
mimi Nyemo, jina la kwao mama,
na bakuli tulilobeba lilikuwa moja.
Akachungulia, akauliza: hiki cha wapi?
Ukajibu kwa sauti kubwa, darasa zima likaangua kicheko:
cha kota za reli, namba kumi na nne.

Mimi sikucheka. Mpaka leo sina jibu linalolishinda lile.

Sasa basi. Kiganja.
Chako ni kidogo kuliko cha mama, changu kikubwa.
Wako utakuwa mwepesi, utachuruzika
mpaka kwenye kiwiko cha mwanao;
wangu unasimama, mwiko unasimama ndani yake.
Na mwanao atakua akiamini
huo mwepesi ndio wenyewe,
siku moja atauonja wangu
na kusukuma sahani kwa adabu.
Mwache.

Koku?
Haloo?

Imekata.
Na sikuuliza kama chumvi ulikuwa umeshatia.